Kikao cha Mbagala: kwa nini hoja tano za kuwapo kwa Mungu hazikumgusa kijana mmoja

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa ajili ya walezi, mashehe na wachungaji wanaoletewa vijana wanaosemekana "wameacha dini". Hakuna familia mahususi inayosemwa humu, ingawa mkazi wa Dar es Salaam hatakosa kuzitambua sura zake.

Kijana ana miaka 27, ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya huko Temeke. Baba yake ni Mwislamu kutoka Rufiji, mama yake ni Mkristo kutoka Upareni, na ndoa yao ni ya bomani. Walijaliwa watoto wanne. Wa mwisho, binti wa miaka 11, alikuwa mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Alifariki baada ya damu kushuka ghafla hadi gramu 3 kwa desilita. Siku ya arobaini kaka yake alikaa nje, hakuingia kwenye dua. Alipofuatwa alisema, "Siwezi kuomba kwa nisiyejua kama yupo. Nileteeni ushahidi."

Jumapili iliyofuata kikaitishwa kikao nyumbani kwa baba mdogo, Mbagala. Walikuwapo wazazi wa kijana, baba mdogo mwenyewe ambaye ni ustadhi wa madrasa, mjomba ambaye ni mwinjilisti, shangazi na wazee wawili wa mtaa. Wote dhidi ya mmoja. Zilitolewa hoja tano. Kijana aliondoka amekataa zaidi ya alivyoingia, na wazee wakabaki wakisema elimu imempa kiburi. Kauli hiyo ya kiburi hutolewa mapema mno katika mambo ya namna hii, na humfunga mtoaji asione alichokosea yeye. Tuzipitie hoja moja moja.

Nyumba na fundi wake

Baba mdogo ndiye aliyeanza. "Nyumba hii umeikuta imesimama. Utasema imejijenga? Kila kitu kina aliyekifanya." Kijana akajibu papo hapo: "Sawa, baba mdogo. Na Mungu kafanywa na nani?" Ustadhi akamwambia hilo ni swali la shetani, na ipo hadithi sahihi inayosema shetani humjia mtu na swali hilohilo. Hadithi ipo kweli, katika Bukhari na Muslim. Lakini kijana alisikia kitu kimoja tu: wameshindwa kujibu.

Swali lake lilikuwa halali, kwa sababu hoja ilisemwa vibaya. Ukisema *kila kitu* kina aliyekifanya, umemwingiza na Mungu humo humo. Al-Ghazali (1058–1111), mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, hakusema hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kilichoanza kuwapo kina sababu. Ulimwengu ulianza kuwapo. Basi ulimwengu una sababu. Neno "kilichoanza" ndilo linalobeba mzigo wote, na ukiliacha, hoja inakufa kwa swali la mtoto wa darasa la tano. Ustadhi aliisoma hoja hii ujanani. Aliifupisha ili ieleweke, na katika kuifupisha akaivunja.

Hata ikisemwa sawasawa, ubishi haumaliziki. Unahamia kwenye dai la pili, kwamba ulimwengu ulianza. Hapo watu wa dini siku hizi hukimbilia fizikia na ile miaka bilioni 13.8 inayotajwa kuwa umri wa ulimwengu. Wangekwenda polepole. Georges Lemaître, aliyeandika juu ya kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927 na juu ya chembe ya mwanzo mwaka 1931, alikuwa padri wa Kikatoliki. Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji katika hotuba ya Novemba 1951, Lemaître hakupendezwa. Aliona si haki kuifunga imani kwenye nadharia ya sayansi inayoweza kurekebishwa kesho. Kipimo cha miaka bilioni 13.8 kinatueleza tangu lini ulimwengu ulianza kutanuka kutoka hali ya joto kali na msongamano. Kama kabla ya hapo hapakuwa na chochote kabisa, hilo ni jambo jingine.

Ipo njia isiyotegemea tarehe, nayo ndiyo ingemfaa kijana wa maabara. Mwanafalsafa wa Kiislamu Ibn Sina (aliyefariki 1037) aliuliza swali tofauti: vitu vyote tunavyovijua vingeweza kutokuwapo, kwa nini basi vipo? Mnyororo wa vitu visivyo na ulazima, hata ukiwa hauna mwanzo, bado unahitaji kitu chenye kuwapo kwa lazima, wajibul-wujudi. Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa Kikatoliki, naye katika karne ya 13 alikiri kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na bado alihoji kwa njia iliyo jirani na hiyo. Swali la "nani kamfanya Mungu" halina pa kushika hapa. Anayetaka kukataa inabidi aseme kwamba ulimwengu upo tu, basi, hauhitaji maelezo. Mwanafalsafa asiyeamini Bertrand Russell alisema takriban hivyo katika mjadala wake na padri Copleston kwenye BBC mwaka 1948. Huo ni msimamo unaoweza kutetewa, lakini una gharama yake, na kijana hakuwahi kuombwa ailipe.

Mwili wa binadamu

Mmoja wa wazee wa mtaa akaja na maajabu ya mwili: jicho, moyo, damu inavyozunguka. Katika kikao kizima hapakuwa na hoja iliyochaguliwa vibaya kuliko hii. Ilipelekwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kuitazama damu kwenye darubini, juu ya marehemu aliyeuawa na damu.

Kijana alijibu kwa utulivu, na jibu lake lilikuwa sahihi kisayansi. Selimundu hutokana na badiliko la herufi moja tu ya kinasaba kilicho kwenye kromosomu ya 11. Badiliko hilo huweka asidi amino iitwayo valini mahali pa asidi ya glutamiki, nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Chembe nyekundu ikipungukiwa oksijeni hujikunja umbo la mundu, inaziba mishipa midogo, inavunjika kabla ya wakati wake. Na kinasaba hicho kimeenea ukanda wetu kwa sababu kina faida: aliyerithi nakala moja hapati ugonjwa, na ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyechapisha uthibitisho wa uhusiano huo mwaka 1954 kutokana na kazi yake Afrika Mashariki. "Kwa hiyo, mzee wangu," kijana akamaliza, "kama ni mpango, basi ni mpango unaowalinda wengine dhidi ya mbu kwa kumtoa mdogo wangu."

Hakuna aliyejibu. Na kwa hoja ilivyoletwa, hapakuwa na jibu. Hoja ya maumbile ya viumbe ilipata umbo lake maarufu kwa mwanatheolojia Mwingereza William Paley mwaka 1802, na Darwin, kwa nadharia yake ya mageuzi ya viumbe, mwaka 1859 akaonyesha njia ya viungo kupata ustadi bila fundi wa kuvichonga kimoja kimoja. Anayetumia hoja ya mpangilio leo inampasa arudi nyuma ya viumbe, kwenye kanuni zenyewe: kwa nini kuna kanuni za maumbile, na kwa nini akili inaweza kuzisoma. Darwin hagusi huko. Lakini huko pia hutapata jibu la selimundu.

Ushuhuda

Mjomba mwinjilisti alileta ushuhuda: jirani yake aliyekuwa hoi, akaombewa, akainuka. Kijana hapa alikasirika, na hasira ilikuwa na historia. Mwaka mmoja kabla, binti alipelekwa kwenye mkesha wa maombezi. Siku ya tatu maumivu yalipoa, akapandishwa jukwaani kutoa ushuhuda kwamba amepona. Miezi minne baadaye alilazwa tena. Hakuna aliyepanda jukwaani kulisema hilo.

Anayejua selimundu anaona tatizo mara moja. Maumivu ya ghafla ya ugonjwa huu kwa kawaida huisha yenyewe baada ya siku kadhaa, mara nyingi ndani ya wiki. Ukiombea siku ya tatu, una nafasi nzuri sana ya kuonekana umeponya. Kupona kwa kweli kungeonekana kwenye kipimo cha kutenganisha himoglobini: himoglobini S, ile yenye kasoro ya selimundu, ingetoweka. Hata hapo pana mtego. Mgonjwa aliyeongezewa damu karibuni ana himoglobini ya mchangiaji, na chembe nyekundu nzima huishi siku 120 hivi. Karatasi inaweza kuonyesha himoglobini S imepungua sana bila muujiza wowote. Kwa hiyo kipimo cha maana kingechukuliwa baada ya miezi minne tangu kuongezewa damu, na kingelinganishwa na cha zamani. Ni masharti magumu, lakini wapo watu wa dini wanaoyakubali ya aina hiyo. Lourdes, mahali pa hija ya Wakatoliki huko Ufaransa, kuna ofisi ya madaktari tangu 1883. Inataka ugonjwa uwe umethibitishwa kabla, uponaji uwe wa haraka, kamili, wa kudumu, na usioelezeka kwa tiba aliyopewa mgonjwa. Katika maelfu ya madai, Kanisa limetambua rasmi zaidi kidogo ya 70.

Hapa kwetu hesabu ya namna hiyo haifanywi. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500. Shuhuda zilisambaa nchi nzima. Waliokunywa wakafa hawakuwa na kipaza sauti. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi katika msongamano wa kukanyaga mafuta ya upako. Kijana aliyekua akiyaona haya, akaambiwa muujiza ndio ushahidi, halafu akaukataa, hajakataa ushahidi wa Mungu. Amekataa mizani mbovu. Mwanafalsafa David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba ushuhuda wa muujiza hupimwa kwa kuuliza kipi ni kigumu zaidi kuamini: kwamba tukio lilitokea, au kwamba shahidi amekosea. Unaweza kubishana na Hume kwamba ameweka kizingiti juu kupita kiasi. Huwezi kubishana naye kwa binti ambaye alilazwa tena miezi minne baadaye.

Hoja ya nne haihitaji maneno mengi: "Mababu zetu wote walimjua Mungu." Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti aliitetea picha ya Mwafrika kuwa mtu wa dini kwa kila hali katika kitabu chake cha 1969, na mwandishi wa Uganda Okot p'Bitek akawalaumu wasomi wa aina yake kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Kijana hakuwa amewasoma. Alijibu tu kwamba mababu hao hao waliamini pia uchawi, na baba mdogo, anayeupiga vita uchawi madrasani, akanyamaza.

Hoja ya tano haikuwa hoja

Mjomba alisoma Zaburi ya 14: "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Kisha ukaja moto wa Jehanamu, kutoka pande zote mbili za dini, na kwa jambo hili tu kikao kilikuwa na umoja. Kitisho hakimfanyi mtu aamini. Humfanya aseme anaamini. Dar imejaa watu wa namna hiyo, wanaoitikia amina msibani na harusini kwa sababu kutoitikia kuna bei: posa kukataliwa, chumba cha kupanga kukosekana, mama kulia. Sensa za Tanzania hazijauliza dini tangu 1967, na hata zingeuliza, watu hawa wasingejitaja.

Halafu Zaburi yenyewe ikisomwa hadi mwisho wa mstari, inamsema mtu aliyeharibika na kutenda machukizo. Haimsemi aliyefiwa na anayeuliza. Kwa anayeuliza kuna mifano mingine iliyokuwa karibu na mikono ya wazee hao. Ibrahimu katika Sura al-Baqara aya ya 260 anaomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyohuishwa, anaulizwa kama haamini, anajibu kwamba anaamini, ila moyo wake utulie. Hakukemewa, alipewa ndege wanne. Tomaso naye alionyeshwa majeraha. Na Al-Ghazali mwenyewe ameandika kwamba alikaa karibu miezi miwili katika shaka iliyogusa hata akili na macho yake, na kwamba hakutolewa humo kwa hoja zilizopangwa, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Imamu wa hadhi hiyo akisema hoja hazikumtosha, ustadhi wa Mbagala asingedharauliwa kwa kusema vivyo hivyo.

Kilichokuwa kinakataliwa

Hoja mbili za mwanzo, hata zingetolewa kwa ubora wake wote, zingefika kwenye sababu ya kwanza, au kwenye akili iliyo nyuma ya kanuni. Kijana hakuwa na ugomvi na hilo. Aliulizwa baadaye na baba mdogo, wakiwa wawili tu, akasema, "Kwamba ulimwengu una chanzo, sibishi sana." Alichokuwa anabisha ni yule anayesikia. Kati ya chanzo na msikiaji kuna hatua tatu za kuthibitishwa: kwamba chanzo kina ujuzi, kwamba kinajali, na kwamba kimejitambulisha kwa watu. Kikao kiliziruka zote, kwa kudhani kwamba anayekubali la kwanza amekubali yote.

Kwa upande wa kujali, shaka yake ina jina kubwa katika falsafa: tatizo la uovu. Mwanafalsafa J. L. Mackie alidai mwaka 1955 kwamba Mungu mwema mwenye uwezo wote na uovu haviwezi kuwapo pamoja. Alvin Plantinga, katika kazi zake za mwaka 1974, alijibu kwa hoja ya hiari ya binadamu, na wengi hata wasioamini walikubali kwamba mgongano wa kimantiki haupo. William Rowe mwaka 1979 akalileta upya kwa uwezekano: yapo mateso ambayo hatuoni jema lolote linaloyahalalisha. Shaka ya kijana ni ya aina hii ya Rowe. Kumjibu kwa hoja ya hiari ya binadamu ni kupoteza muda, kwa sababu hakuna aliyechagua valini.

Jibu zito zaidi walilonalo waumini ni lile la kisa cha Musa na Khidri, yule mja mwenye ujuzi wa siri, katika Sura al-Kahf, na la Ayubu: hatuoni kila sababu aliyonayo Mungu. Ni jibu la haki, ila linakata pande mbili. Usiyeweza kusoma sababu za Mungu mtoto anapokufa, huna ruhusa ya kuzisoma jirani anapopata kiwanja Chanika na kusema Mungu amemlipa kwa uaminifu wake.

Na hapo ndipo kilipokuwa kiini cha kisa, ambacho hakikutajwa kikaoni hata mara moja. Siku ya tatu ya msiba shangazi alisema jikoni, mama wa marehemu akisikia: "Ndoa ya bomani haina baraka. Mungu ameonyesha." Kijana alikuwa mlangoni. Baba mdogo alikuwapo pia, akanyamaza ili kutunza amani ya msiba.

Tangu siku hiyo, kwa kijana, kukubali kwamba Mungu anajali na anatenda kulikuwa sawa na kukubali kwamba mama yake ndiye aliyemuua binti. Akachagua mama. Anayesema amekataa ushahidi kwa ukaidi hajaona alichokuwa anakilinda.

Kauli ya shangazi ilikuwa na majibu matatu, na kila mmoja kikaoni alikuwa na jibu lake mkononi. Ustadhi alijua Uislamu unamruhusu mwanamume kuoa Mkristo, na kwamba Kurani inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Mwinjilisti alijua Yohana 9, pale wanafunzi wanapouliza kipofu alizaliwa hivyo kwa dhambi ya nani na Yesu anajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Na kijana alijua hesabu: wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja ya kinasaba, kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa, nusu kupata mbebaji, robo kupata asiye nacho kabisa, iwe ndoa ya bomani, ya msikitini au ya kanisani. Alijua na zaidi. Nakala ya baba ilitoka kwa mmoja wa wazazi wake, ambao ndio wazazi wa shangazi. Shangazi mwenyewe ana uwezekano usiopungua nusu wa kuwa nayo.

Makosa ya kijana

Yapo, na hayapungui uzito kwa sababu amefiwa. Aliposema mdogo wake "amekufa kwa selimundu, si kwa mapenzi ya Mungu", alivishindanisha vitu visivyoshindana. Muumini hasemi Mungu ni kijidudu cha ziada kinachotafutwa kwenye slaidi. Kueleza jinsi chembe inavyojikunja hakujibu kama kuna aliye nyuma ya kuwapo kwa chembe. Aliikataa hoja ya chanzo kwa sababu haimfikishi kwa Mungu anayejali, wakati hoja haihukumiwi kwa kazi ambayo haikutumwa. Na alidai kiwango cha kesi ya jinai, bila kuacha shaka ya maana, katika jambo ambalo yeye mwenyewe analiamulia upande wa pili kwa ushahidi usiofikia hata mizania ya uwezekano wa kesi ya madai. Kutokuwapo kwa Mungu nako ni dai. Zaidi ya yote, alimhukumu mtumaji kwa wizi wa matarishi: jukwaa la mkesha halithibitishi kwamba hakuna anayesikia.

Utaratibu ambao ungefaa

Kwanza si siku za msiba, na si watu saba. Mtu mmoja anayeheshimika na kijana, bila kadamnasi, maana mbele za watu kila mtu hutetea uso wake. Swali la kufungulia ni moja: "Nikikupa jibu la hoja hii ukaridhika nalo, utarudi kuomba?" Akisema hapana, weka hoja chini, kwa kuwa si hoja inayomzuia. Uliza basi ni nani aliyesema nini, na lini. Mara nyingi inapatikana sentensi moja, kama ya jikoni.

Ikipatikana, ishughulikiwe kabla ya falsafa yoyote, na aliyeitamka aifute mbele ya waliosikia. Baada ya hapo madai yatenganishwe: chanzo, ujuzi, kujali, kujitambulisha. Kila moja lijadiliwe siku yake, kwa ushahidi wake, na anayeamini akubali kusema "hapa hoja yangu inaishia". Miujiza iachwe kabisa, isipokuwa kama kuna karatasi za kabla na baada.

Baba mdogo amerudi kwa kijana mara mbili. Ya pili walizungumza juu ya Ibn Sina hadi usiku, na kijana akakiri kwamba "upo tu, basi" si jibu linalomridhisha. Juu ya anayesikia hajasogea. Aliomba jambo moja: shangazi aje Temeke apime damu, kisha aseme tena mbele ya mama yake alichosema jikoni. Shangazi amejibu kwamba hawezi kupimwa na mtoto asiyeswali.